Udongo wa Kilibula: Uwahi Ungali Maji

Wamama wapenzi, juma hili siwaletei habari za safari ya mbali. Nimetoka mlangoni kwangu hapa Kilibula, nikashuka hadi karibu na ufuko wa Tanganyika, kisha nikarudi. Ni mwendo ambao mtoto huenda na kurudi kabla sombe haijaiva. Nimeishi katika kartie hii miaka kumi na minane, na bado mwendo huo mfupi ulinifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani.

Ilianza na kazi ya shule. Binti yangu wa darasa la nne alirudi akisema mwalimu ametaka kila mtoto alete chombo kimoja cha udongo alichokifinyanga nyumbani. Nilikuwa na haraka, naosha ndagala, nikamjibu, “Si udongo umejaa hapo nje? Chota, ufinyange.” Alichota tope la uani, akatengeneza kikombe kizuri tu, akakianika juani. Jioni kikombe kilikuwa kimepasuka pande tatu. Asubuhi kilikuwa unga. Akaniuliza, “Mama, bibi alikuwa anafanya namna gani?”

Nilinyamaza. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alijua kufinyanga tangu usichana wake. Nilipoolewa nilimkuta na mtungi wake wa maji kwenye kona ya nyumba, mweusi upande mmoja kwa alama ya moto, na maji yake yalikuwa baridi hata mwezi wa nane. Tuliishi naye katika parseli moja miaka yote hiyo, tukala sahani moja, akanilelea watoto. Ametutoka miaka miwili iliyopita. Sikumwuliza hata mara moja.

Basi nilikwenda kwa rafiki yake, jirani mzee ambaye watoto wote wa avenyu yetu humwita Koko. Nikamsalimu, nikamweleza shida ya mjukuu. Akacheka sana. “Udongo wa uani kwako? Huo ni wa kushika viatu, mwanangu, si wa kushika maji. Njoo Jumamosi mapema, uje na mtoto, na ndoo.”

Jumamosi tulianza kwa kutazama juu. Koko alisimama barabarani akaelekeza fimbo yake kwenye milima ya Mitumba iliyotuinamia. “Udongo wote unatoka kule,” alisema. Na ndivyo ilivyo. Mwamba wa mlima huliwa na jua, mvua na mizizi kwa miaka isiyohesabika, na mito huteremsha mabaki yake. Maji yakiwa na kasi hubeba hata mawe makubwa. Yakifika penye mteremko mdogo huangusha mawe kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga. Udongo wa mfinyanzi ndio mwepesi kuliko vyote, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu moja ya milimita. Huo husafiri mpaka mahali maji yanapochoka kabisa na kutulia, ndipo hushuka chini taratibu.

Kwa hiyo tulipotembea kushuka kuelekea ziwani tulikuwa kama tunasoma ukurasa. Juu karibu na mlima, mawe ya kujengea msingi. Katikati, changarawe na mchanga ambao vijana huuza kwa mafundi wa nyumba. Chini, kwenye mabonde madogo ambako maji ya mvua hukaa siku nyingi, Koko aliinama, akachimba kwa kijiti, akatoa bonge la kijivu lenye madoa ya kutu.

Alimwonyesha binti yangu majaribio mawili. La kwanza, viringisha udongo uwe kama kamba nyembamba, kisha uizungushe kidoleni kama pete. Ukikatika, una mchanga mwingi. Ukipinda bila kupasuka, huo ni mfinyanzi. La pili alilifanya yeye mwenyewe, akakataa mtoto asijaribu: aliweka chembe kwenye meno ya mbele. “Ukisikia krii-krii, ni mchanga. Ukisikia kama siagi, chukua.” Kisha akaitema na kusukutua.

Nilipotaka kujaza ndoo kwenye ukingo wa kijito kilichokuwa karibu, kwa kuwa hapo udongo ulikuwa laini zaidi, Koko alinishika mkono. “Hapo hapana. Ukingo ni mlango wa nyumba ya maji. Ukiuvunja, maji yatakuja kwako bila kubisha hodi.”

Wamama, maneno hayo yalinirudisha kwenye usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Sina haja ya kuwasimulia ninyi. Mvua ilipiga milimani, Mulongwe na mito mingine ya mji ikatoka nje ya njia zake. Tulizika watu, maelfu ya nyumba ziliharibika, na mji ukakosa maji ya bomba kwa sababu hata mitambo ya maji iliguswa. Kwetu tuliamka salama, lakini uani tope lilifika magotini, na mtungi wa mama mkwe ulikuwa umelala ukutani vipande vipande. Aliokota vigae vyake kimoja kimoja, akavisafisha, akavitia katika mfuko wa sima, akauweka chini ya kitanda. Mimi niliona ni ukaidi wa uzee. Tulipofanya usafi mkubwa baada ya msiba wake, nilitupa nusu ya vigae hivyo.

Njiani kurudi tulipita kwenye mashimo ya watu wanaofyatua matofali. Siwalaumu, nyumba zetu nyingi zimesimama kwa matofali hayo, na baba wengi wamelipa karo ya shule kwa kazi hiyo. Lakini shimo lisilofukiwa hujaa maji, maji hayo huzaa mbu, na mtoto mdogo anaweza kuteleza humo mama akiwa sokoni. Tena matofali huchomwa kwa kuni, na kuni hutoka kwenye mlima uleule unaotushushia mafuriko ukiwa uchi. Udongo mmoja, mkono mmoja unajenga, mwingine unabomoa. Tofauti iko katika mahali unapochimba, na kama unafukia.

Nyumbani kwake Koko alikaa kwenye kigoda, akaniagiza, “Leta vigae vya rafiki yangu.” Nikashtuka. Alijua kwamba vipo. Nilileta ile nusu iliyobaki, nikakiri kuhusu nusu nyingine. Hakunigombeza. Alisema tu, “Alikuwa anavitunza kwa ajili ya mtungi mpya. Nguvu zilimwisha kabla.”

Ndipo nikaelewa. Udongo mtupu ukikauka hujikunja, na ukijikunja hupasuka, kama kikombe cha binti yangu. Mfinyanzi huuzuia kwa kuchanganya kitu ambacho hakijikunji tena: mchanga kidogo, au vigae vya chombo cha zamani vilivyotwangwa. Kigae kimeshapita motoni, kwa hiyo kinatulia ndani ya udongo mpya na kuushika. Chombo kilichovunjika hakitupwi, kinaingia katika kinachofuata. Tulitwanga vigae vya mama mkwe kwenye kinu, tukachekecha, tukachanganya, tukakanda kama unga wa mikate mpaka mikono ikauma.

Nilimwuliza Koko kazi hii ilianza lini. Akajibu, “Mimi niliikuta. Mama yangu naye aliikuta.” Alisema kweli kuliko alivyojua. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta katika nchi za Maziwa Makuu vyungu vya zaidi ya miaka 2000 iliyopita, vyenye mistari iliyochorwa kwa ustadi na kibonyeo kwenye kitako, kana kwamba aliyefinyanga aliaga kwa kidole. Leo huitwa vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Mwaka 1948 Louis na Mary Leakey pamoja na kasisi Owen waliandika habari zake. Baadaye Jean Hiernaux na Emma Maquet wakatangaza vya jamii hiyo kutoka Rwanda, Burundi na Kivu yetu. Na kwenye ncha ya kusini ya ziwa hili hili letu, kwenye maporomoko ya Kalambo, Desmond Clark alichimba vyungu vingine vya watu wa kale waliojua pia kufua chuma. Kabla ya mipaka na pasipoti, udongo wa pande hizi ulikuwa umeshapata mikono ya kuufinyanga.

Kuna jambo la aibu ambalo lazima niliseme pia. Katika Rwanda, Burundi na sehemu za Kivu, wafinyanzi waliojulikana zaidi ni Batwa. Walipika vyungu ambavyo kila nyumba ilivitumia kwa maharage, kwa maji, kwa pombe ya harusi. Watu walinunua chungu chao, lakini wengi walikataa kunywa nao katika chombo kimoja. Baadaye mabonde yenye udongo yalifanywa mashamba, sufuria za alumini na ndoo za plastiki zikajaa masokoni, na familia nyingi za wafinyanzi zikapoteza udongo na wateja pamoja. Tunaposema leo kwamba vyungu ni kazi ya washamba, tunarudia dharau ileile kwa maneno mapya.

Kwingine kazi hii imepewa heshima. Nigeria imeweka picha ya Ladi Kwali, mama mfinyanzi, kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Nigeria kujifunza katika kituo ambako Ladi Kwali alikuwa akifanya kazi. Leo vyungu vyake, anavyovijenga kwa mkono bila gurudumu, vimewekwa hata katika British Museum ya London. Mikono ya Koko hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Alianza na kitako, kama chapati nene. Akaviringisha kamba za udongo, akazipandisha moja juu ya nyingine, akiziunganisha kwa kidole ndani na nje. Akalainisha kwa kipande cha kibuyu kilicholoweshwa. Binti yangu alimfuata hatua kwa hatua, na ulimi nje kama anavyofanya akiandika.

Vyombo vilikauka kivulini siku tisa, kwa sababu jua hukausha nje haraka na ndani kukabaki na maji. Maji hayo yakifika motoni huwa mvuke, na mvuke hutafuta njia kwa nguvu. Kisha tukavipasha polepole kando ya mbabula, tukavipanga juu ya kuni, tukavifunika kwa nyasi kavu. Moto wa namna hiyo hupita digrii 600, na hapo udongo hubadilika kabisa. Kabla ya moto, ukiuloweka unarudi kuwa tope. Baada ya moto haurudi tena.

Tulichoma vyombo vitatu. Kimoja, bakuli nililofinyanga mimi, kililia “paa!” na kugawanyika. Koko akasema nilikuwa na haraka. Binti yangu alificha uso, lakini kikombe chake kilitoka kizima, chekundu, na doa jeusi upande mmoja kama lile la mtungi wa bibi yake. Cha tatu kilikuwa mtungi mdogo wa Koko. Alinipa mimi.

Nimeuweka mtungi huo kwenye kona ileile. Maji hupenya kidogokidogo kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje hukauka na kuchukua joto, ndiyo maana ya ndani hupoa bila umeme wala friji. Lakini sisi tunaishi Uvira, ambako kipindupindu kimerudi mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo maji baridi pekee hayatoshi. Karibu na mwaka 2000, huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, shirika la CARE na wataalamu wa afya wa CDC ya Marekani walitaka familia zitunze maji salama. Watu walipenda vyungu kwa sababu ya ubaridi wake. Hatari ilikuwa kwenye mdomo mpana: kila mkono na kila kikombe kiliingia na uchafu wake. Basi wafinyanzi wa huko, wengi wao wanawake, walitengeneza vyungu vyenye mdomo mwembamba, kifuniko, na bomba dogo chini, na maji yakatiwa dawa ya klorini.

Nawaomba mshike mambo mawili kutoka hapo. Usichovye kikombe mtungini, mimina au tumia bomba. Na dawa ya klorini huisha nguvu mapema zaidi ndani ya chungu kuliko ndani ya bidoni, kwa hiyo tia dawa maji ya siku hiyo tu, na osha mtungi kabla ya kujaza tena. Mtungi usiotunzwa hauna tofauti na kidimbwi.

Sasa niwapeleke uani kwangu, kwa sababu tope lile la 2020 halikuishia kwenye huzuni. Tulilisukuma kando ya ukuta kwa sababu hatukuwa na mahali pa kulipeleka. Mwaka uliofuata, mvua za kwanza ziliponyesha, majani mapana kama ya mgomba mdogo yakachomoza humo, kisha maua mekundu. Yalikuwa kana. Hakuna aliyeipanda. Maji yalikuwa yameleta mizizi yake kutoka parseli ya mtu ambaye hatutamjua. Mama mkwe alipoyaona alisema, “Hata mafuriko yamejuta.” Kila asubuhi aliyatupia maji aliyooshea mchele.

Udongo wa mfinyanzi una tabia za mama mgumu: unashika sana, hautoi upesi, lakini haumwachi mtoto na njaa. Unashika maji na chakula cha mimea ambavyo mchanga huviacha vipotee. Shida yake ni hewa: ukikanyagwa ukiwa na maji unafungamana, na mizizi inakosa pumzi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukosea. Usilime wala kukanyaga kitalu kikiwa kimelowa. Kijaribu kwanza kwa ile kamba ya Koko: kama udongo unaviringika, subiri. Inua tuta ili maji yasisimame. Usidhani mchanga kidogo utaulainisha, mara nyingi unapata kitu kigumu kama tofali. Kinachoulainisha ni vitu vilivyooza: maganda ya ndizi, majani, samadi ya mbuzi.

Na iko mbolea ya bure barabarani. Ni yale maua ya njano marefu, yanayofanana na alizeti, yanayoota kwenye kingo na mipaka ya mashamba. Wataalamu huyaita Tithonia. Yalitoka Mexico na nchi jirani zake, na yamekuwa wenyeji pande zetu. Watafiti walioyapima magharibi mwa Kenya walikuta majani yake yana nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Kata matawi mabichi kabla hayajakomaa, yakatekate, uyafukie kwenye tuta, ngoja juma moja au mawili, ndipo upande. Mimi nilipanda lengalenga upande mmoja na maua upande mwingine. Kana, haibiskasi, bugenvilia ukutani. Bugenvilia nayo ni mgeni, kwao ni Amerika ya Kusini. Avenyu yetu nayo imejaa familia zilizokuja na vifurushi kichwani kutoka kila upande, na udongo huu haukumwuliza yeyote alikotoka.

Binti yangu alipeleka kikombe chake shuleni. Kiliporudi alikitoboa? Hapana, Koko alikuwa ameshaacha tundu chini kabla ya kuchoma, alijua mtoto atataka nini. Sasa kina mche wa kana, nao umesimama mlangoni.

Nina ombi moja kwa vikundi vyetu. Tunakutana kila juma kwa likelemba, tunahesabu franka, tunaagana. Mkutano mmoja tumwalike mama mzee wa avenyu, yeyote anayejua kazi ya mikono yake: vyungu, mikeka, vikapu, dawa za majani. Tumpe kiti, tumpe chai, na kila mmoja aje na mtoto mmoja wa kukaa karibu naye. Wazee wetu husema udongo uwahi ungali maji. Sisi huutumia msemo huo kwa watoto, kwamba tuwafunze wakiwa wadogo. Mimi sasa nausikia pia upande wa wazee. Nao hukauka, na wakishakauka hakuna maji ya kuwarudisha.

Mfuko wa sima bado una vigae viwili vya mtungi wa mama mkwe. Koko amesema tusivitwange bado. Binti yangu anataka kufinyanga mtungi mkubwa akifika darasa la sita, na amevificha mwenyewe chini ya kitanda chake.